Kompyuta ya Pili Iliyouzwa Kuwa ya Kwanza

Muuza kompyuta mpakato, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, humuuliza mteja maswali mawili: una kiasi gani, na unataka ndogo au kubwa? Mteja hufikiria begi lake, safari zake za daladala au matatu, na pesa alizonazo, kisha huchagua. Swali la tatu haliulizwi, na kwangu mimi ndilo lingetangulia hayo mawili: hii itakuwa kompyuta yako ya pekee, au nyumbani na kazini ipo nyingine? Nimeifuatilia habari ya kompyuta ndogo tangu enzi ya zile za inchi 7 na inchi 10 zilizovuma kuanzia mwaka 2008, na kadiri ninavyoikumbuka enzi hiyo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jibu la swali hili huamua karibu kila kitu. Kompyuta ndogo ya bei nafuu ilibuniwa iwe kompyuta ya pili. Kwetu iliuzwa kwa watu ambao kwao ilikuwa ya kwanza, na kwa wengi ikabaki ya pekee. Malalamiko yaliyofuata, kwamba inachelewa kufunguka, kwamba kioo hakitoshi, kwamba programu fulani haikubali, sehemu kubwa yametoka hapo.

Asili ya mashine hizi inaeleza mengi. Juni 2007, kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei, kampuni ya Asus ilitambulisha Eee PC, na Oktoba mwaka huohuo toleo la kwanza, 701, likaingia sokoni: kioo cha inchi 7, RAM ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4 tu, mfumo wa Linux, na uzito usiofika kilo moja. Bei iliyovuma mwanzoni ilikuwa dola 199. Toleo la gigabaiti 4 lilipofika madukani Marekani liliuzwa karibu dola 400. Mwaka 2008 Intel ikatoa prosesa ya Atom, iliyokusudiwa kula umeme kidogo, na baada ya hapo kila kampuni ikawa na yake: Acer Aspire One, MSI Wind, Samsung NC10, na nyingine za Dell, HP na Lenovo. Ulimwengu wa biashara ukaziita netibuku. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walizigombea, na sababu zao zilikuwa za haki kabisa. Wengi wao walikuwa na kompyuta kubwa mezani, intaneti ya waya nyumbani na printa pembeni. Walichokosa ni kitu chepesi cha kusomea barua pepe kwenye treni, au cha kumwachia mtoto acheze bila kuhofia mashine ya kazi. Kwa haja hiyo inchi 10 zilitosha na kubaki.

Kutegemea kompyuta nyingine ni tabia ya zamani ya mashine ndogo, na mara nyingi imewekwa kwa makusudi katika ubunifu wake. Mwaka 1983 kampuni ya Tandy ilianza kuuza TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na Kyocera ya Japani, yenye kioo cha mistari 8 ya herufi 40, iliyotumia betri nne ndogo za AA kwa takriban saa 20. Waandishi wa habari waliipenda kwa miaka mingi, na hadi leo wapenzi wa kompyuta ndogo huitaja kama ushahidi kwamba udogo hauzuii kazi. Ni kweli, lakini tazama ilivyotumika: mwandishi aliandika habari yake huko alikokuwa, akaituma kwa modemu iliyomo ndani ya mashine hadi kwenye kompyuta za chumba cha habari, na huko ndiko ilikohaririwa na kupangwa. MacBook Air ya Januari 2008 haikuwa na nafasi ya kutia diski, na Apple ikaipa programu ya kuazima nafasi ya diski ya kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule. iPad ya mwaka 2010 haikuweza kuanza kutumika bila kuunganishwa kwanza na kompyuta yenye iTunes. Sharti hilo liliondolewa na iOS 5 mwezi Oktoba 2011. Watengenezaji hawakuficha kitu. Kihori kinachoshusha abiria ufukweni ni chombo kizuri na chepesi, ila kinafaa kwa sababu jahazi limetia nanga kule nje. Anayetaka kuvuka bahari hanunui kihori eti kwa kuwa ni rahisi kukivuta mchangani.

Sasa iweke mashine hiyo Morogoro au Kisumu mwanzoni mwa mwaka 2009, mikononi mwa mwanafunzi ambaye nyumbani kwao haijawahi kuingia kompyuta. Nyaya za baharini za TEAMS na Seacom zilikuwa hazijaanza kazi. Zilifika mwaka huo, na kabla yake intaneti ya ukanda wetu ilitegemea zaidi satelaiti, ghali na ya kusuasua. Programu hazikupakuliwa. Zilipita mkono kwa mkono kwenye CD na DVD, pamoja na kamusi, mafunzo ya Excel na madereva ya printa. Kifurushi cha masasisho ya Windows XP kilichotoka mwaka 2008 kilizidi megabaiti 300 peke yake, na mwenye kulipia intaneti kwa dakika hangeweza kuthubutu. Netibuku haikuwa na mahali pa kutia diski. Njia iliyobaki ilikuwa flashi, na flashi za wakati ule ndizo zilizokuwa barabara kuu ya virusi. Conficker, iliyoanza kuenea Novemba 2008, ilikuwa na matoleo yaliyojipachika kwenye flashi na kurukia kompyuta nyingine, kwa kuwa Windows XP ilikuwa na tabia ya kuendesha kilichomo kwenye flashi mara inapochomekwa. Sasisho la kuizima tabia hiyo lilisambazwa kwa jumla Februari 2011. Kwa hiyo mwenye netibuku alilazimika kuweka programu ya kukinga virusi, programu ikakaa macho muda wote ikikagua kila faili, na prosesa ya Atom N270, yenye kiini kimoja kinachotekeleza maagizo kwa foleni hata pale agizo la nyuma likiwa tayari kabla ya lile la mbele, ikashindwa kubeba ukaguzi huo na Word kwa pamoja. Mashine ikaganda. Laptopu kamili nazo zilishambuliwa, lakini zilikuwa na nguvu ya ziada ya kuvumilia ulinzi, na zilipozidiwa kabisa fundi alitia diski akaweka Windows upya. Mwenye netibuku alihitaji kompyuta nyingine ili kuiponya yake, na hakuwa nayo.

Kioo kilikuwa na shida yake, na hii waliokuwa vyuoni wakati ule wanaikumbuka kwa macho. Netibuku nyingi za inchi 10 zilionyesha pikseli 1024 kwa upana na 600 kwa urefu. Upana ulitosha. Urefu ndio uliotesa, kwa sababu miezi michache kabla ya Eee PC, Microsoft Office 2007 ilikuja na utepe mpana wa vitufe juu ya ukurasa. Ukijumlisha utepe huo, kichwa cha dirisha, mstari wa chini wa Word na upau wa Windows, karibu theluthi ya urefu wa kioo ilikuwa imekwisha kabla herufi ya kwanza haijaandikwa. Mwandishi wa tasnifu aliuona ukurasa wake vipande vipande. Madirisha ya mipangilio yalikuwa marefu kuliko kioo, na kitufe cha kukubali kikaangukia nje, pasipofikika kwa kipanya. Ilibidi mtu abonyeze Tab mara kadhaa kwa kubahatisha, kisha Enter. Aliyekuwa akitunza hesabu za kikundi cha VICOBA kwenye jedwali la Excel hakuweza kuona majina ya wanachama na jumla ya akiba kwa wakati mmoja. Kwa anayesoma barua pepe mbili tatu, kero hizo ni ndogo. Kwa anayekaa mbele ya kioo hicho saa nyingi kila siku, zinageuka makosa ya hesabu, maumivu ya shingo, na kazi inayochukua siku mbili badala ya moja. Keibodi nayo ilibanwa. Ile ya Eee PC 701 ilikuwa finyu mno kwa vidole vya mtu mzima kuandika kurasa themanini, ingawa Samsung na HP baadaye walifika zaidi ya asilimia 90 ya ukubwa wa kawaida, na hapo malalamiko ya keibodi yakapungua kwa haki.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote katika historia hii ni kwamba mipaka mingi haikutokana na udogo. Iliwekwa. Microsoft ilikuwa inakaribia kuacha kuuza Windows XP mwaka 2008, lakini Linux ilipoanza kushika netibuku, kampuni ikaongeza muda wa XP kwa kompyuta hizo na kuitoa kwa bei ya chini, kwa masharti: kioo kisizidi inchi 10.2, RAM isizidi gigabaiti 1. Mtengenezaji aliyetaka kuweka gigabaiti 2 angepoteza leseni ya bei nafuu, na pamoja nayo bei iliyomvutia mteja. Mwaka 2009 ikaja Windows 7 Starter, toleo ambalo halikumruhusu mtumiaji hata kubadilisha picha ya mandhari, na ambalo halikuweza kutandaza kazi kwenye kioo cha pili. Fikiria maana yake: mtu mwenye kioo kidogo kuliko wote ndiye aliyenyimwa ruhusa ya kukiongezea kikubwa pembeni. Kwa mnunuzi mwenye kompyuta nyingine haya yalikuwa mambo madogo. Lengo lilieleweka wazi, kuzuia mashine ya bei nafuu isile soko la laptopu kamili zenye faida kubwa zaidi. Mtu wa Tabora au Eldoret aliyekusanya akiba ya mwaka mzima hakuwamo katika hesabu hizo, na ndiye aliyezilipa. Baada ya hapo soko lenyewe likahama. Tableti zikachukua wasomaji wa barua pepe, na kufikia mwanzo wa mwaka 2013 Asus ilikuwa imeacha kutengeneza Eee PC.

Najua pingamizi la kwanza, na lina uzito: kompyuta ndogo ni bora kuliko kutokuwa na kompyuta kabisa. Kama fedha zilizopo zingenunua netibuku na si zaidi, kumwambia mtu asubiri ni kumwambia akose. Ningelikubali pingamizi hili bila masharti kama chaguo lingekuwa hayo mawili tu. Lakini karibu na kila kompyuta ndogo mpya ya bei nafuu, katika miji yetu, kuna laptopu kamili iliyotumika. Kampuni na ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile zinazoondolewa, ThinkPad, EliteBook, Latitude, huishia Nairobi kwa jina la ex-UK, na Dar es Salaam kupitia wafanyabiashara wanaozifuata Dubai na kwingineko. Hizi zilijengwa kwa kazi ya kila siku kwa miaka mingi. Bawaba zake ni za chuma, RAM ya nyingi kati yake hufunguliwa na kuongezwa, diski hutolewa na kubadilishwa na SSD, na vipuri vyake viko kwa kila fundi. ThinkPad X220 ya mwaka 2011, yenye kioo cha inchi 12.5 na uzito wa kilo moja na nusu hivi, ni ndogo kwa kila kipimo cha begi, na bado ni kompyuta kamili. Kwa bei zinazokaribiana, ningeichagua mashine kama hiyo mbele ya ndogo mpya iliyobanwa, bila kusita.

Hapo msomaji makini atanijibu kwamba laptopu ya zamani nayo ina mwisho wake. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mashine nyingi za mtumba ziko upande usiofaa wa mstari huo. Hoja hii ni ya kweli, na inanifanya niseme wazi: anayenunua laptopu iliyotumika leo aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei, na kama fedha zinaruhusu asishuke chini ya cha nane. Hata hivyo, iangalie tofauti kati ya aina mbili za uzee. Laptopu kamili ya kizazi cha nne, ikiongezwa RAM na SSD, inaendesha Linux ya leo vizuri. Inaandika, inachapisha, inafungua tovuti za benki na vyuo. Atom N270 ilikuwa ya biti 32, na Ubuntu ilipoacha kutoa toleo la biti 32 kwa kompyuta za mezani na mpakato mwaka 2017, wenye netibuku walifungiwa hata mlango wa dharura. Mashine iliyojengwa na akiba ndani yake huzeeka polepole. Iliyojengwa bila akiba huanza kupungukiwa mwaka uleule ilionunuliwa.

Pingamizi la umeme ndilo ninaloliheshimu zaidi. Chaja ya netibuku ilikuwa ya wati 40 au pungufu. Chaja ya laptopu kamili ya miaka ile ilikuwa ya wati 65 hadi 90. Kwa anayetegemea paneli ndogo ya sola na betri ya gari, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika usiku au la. Samsung NC10 yenye betri ya seli sita iliweza kukaa saa sita au zaidi bila chaja, wakati laptopu nyingi za inchi 15 zilihema baada ya mbili au tatu. Mgao wa umeme uliotikisa Tanzania mwaka 2011 uliwapa haki waliochagua ndogo, na sitawanyang'anya haki hiyo. Ila shida hii nayo ilikuwa na dawa nyingine. Laptopu za kazi za wakati huo zilikuwa na betri ya kuchomoa, na mtu aliweza kununua ya pili na kuichaji kwenye ofisi, steshenari au kanisa lenye jenereta. Katika miaka iliyofuata prosesa za laptopu kamili zilipunguza sana ulaji wa umeme, na hoja ikapungua nguvu, ingawa haijafa. Mwalimu au mganga wa zahanati anayeishi kwa sola peke yake bado ana sababu njema ya kupima wati kabla ya kupima kioo. Kuhusu wizi na uzito wa begi, siongezi mengi: mwizi wa kituoni haulizi inchi, na tofauti ya kilo moja mgongoni, japo inachosha, huisha ukifika.

Wapo wanaosema mjadala wote umepitwa na wakati kwa sababu simu inafanya kila kitu. Simu imefanya mengi, na kwa mambo hayo netibuku haihitajiki tena. Hoja hii, ukiitazama vizuri, inaiumiza kompyuta ndogo kuliko inavyoiumiza kamili. Kilichobaki nje ya uwezo wa simu ni kazi nzito hasa. Mkenya anayejaza ritani ya kodi yenye maelezo mengi kwenye iTax hupakua faili la jedwali lenye makro, analijaza, analihakiki na kutengeneza faili la kupakia. Kazi hiyo haifanyiki kwa kidole kwenye simu. Mwanafunzi wa takwimu anahitaji SPSS, wa uhandisi anahitaji AutoCAD, mwenye duka anahitaji programu ya hesabu inayokubali printa ya risiti. Na kompyuta ya pekee ya nyumba haitumiwi na mtu mmoja. Aliyeinunua kwa ajili ya barua pepe atakuta mdogo wake anaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, shangazi anataka orodha ya michango ya kamati ya harusi, na jirani ameleta video ya mazishi akatiwe. Kompyuta ya pekee haiwezi kuchagua kazi zake. Ndiyo maana nasema ipimwe kwa kazi ngumu kuliko zote zitakazoletwa mbele yake.

Ushahidi unaoonekana kunipinga moja kwa moja ni ule wa mradi wa One Laptop per Child. Nicholas Negroponte alitangaza mwaka 2005 wazo la kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini, na XO iliyotoka mwaka 2007 ilikuwa ndogo kwa makusudi ya kuwa ya kwanza na ya pekee. Naisifu kwa moyo wote: kioo chake kilisomeka juani, keibodi yake haikuingiza vumbi, ulaji wake wa umeme ulikuwa mdogo ajabu. Rwanda ilizinunua kwa wingi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Lakini bei haikufika dola 100, ilikaribia 200. Peru, iliyogawa laptopu nyingi kuliko wote, ilifanyiwa tathmini na watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, na matokeo ya mwaka 2012 hayakuonyesha watoto kupanda katika mitihani ya hesabu na lugha. Walimu wasioandaliwa na shule zisizo na intaneti ni sababu kubwa, na hizo si lawama za mashine. Lakini mashine yenye hifadhi ya gigabaiti 1 na programu za watoto tu haikuweza kumfuata mtoto alipokua. Kenya iliahidi laptopu kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2013, ikaishia kuwapa tableti kuanzia 2016, na katika mpango huohuo walimu wakapewa laptopu. Mgawo huo nauona wa busara: anayesoma na kugusa picha anatosheka na kifaa kidogo, anayetayarisha somo, kuandika maswali na kutunza alama anahitaji kompyuta kamili.

Leo udogo umeacha kuwa dalili ya udhaifu, na hili lazima lisemwe ili nisionekane nagombana na inchi. MacBook Air yenye chipu ya M1, ya Novemba 2020, haina feni, ina uzito usiofika kilo moja na robo tatu, na inafanya kazi ambazo laptopu nzito za miaka michache kabla zingezihemea. Kwa mwenye fedha, chaguo la zamani limekwisha. Kwa asiye nazo limebaki lilelile, limebadilisha nguo tu. Laptopu mpya za inchi 11 na 14 za bei ya chini bado zinauzwa zikiwa na hifadhi ya gigabaiti 32 au 64 iliyochomelewa kwenye bodi, pamoja na RAM ya gigabaiti 4 isiyoongezeka. Masasisho makubwa ya Windows 10 yalizijaza zile za gigabaiti 32 mpaka mashine ikaomba iunganishiwe diski ya nje ili ijisasishe. Chromebook zilizotoka kwenye shule za Marekani zinauzwa Nairobi kwa bei inayovutia, na kwa aliye na intaneti ya uhakika ni mashine safi na nyepesi. Lakini kila moja ina tarehe ambayo Google itaacha kuisasisha. Miaka kumi iliyotangazwa Septemba 2023 inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, na haianzi upya siku unayoinunua. Muuzaji mwema ataitaja tarehe hiyo. Asipoitaja, mnunuzi aingie kwenye mipangilio aisome mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye kompyuta kamili nyumbani au ofisini, anayesafiri mara kwa mara, na anayejua kwamba safarini ataandika na kusoma tu, anunue ndogo na aifurahie, itamsaidia sana. Mwenye kununua moja, itakayokaa miaka mitano na kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, anunue kamili, hata kama ni ya mtumba na hata kama itamlazimu kusubiri mshahara mmoja zaidi: RAM ya gigabaiti 8 au inayoweza kufikishwa hapo, SSD inayofunguka, kioo kinachoonyesha pikseli zisizopungua 768 kwenda juu. Na ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis, mnaotuma kompyuta nyumbani kila likizo, mna nafasi kubwa kuliko wauzaji ya kuliweka jambo hili sawa. Msichague ile ndogo kwa sababu tu inaingia vizuri kwenye sanduku la kilo 23. Pigeni simu kwanza, muulize kama katika nyumba hiyo kuna kompyuta nyingine, na kama jibu ni hapana, punguzeni nguo mtume iliyo kamili.